Taa za Mshtarii, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Picha ya taa za kaskazini, ule mwanga unaocheza angani usiku, uliyonitumia kutoka Tromsø kule Norwe nimewaonyesha watu wote hapa nyumbani. Shangazi yako ameitazama mbingu ile ya kijani akasema huko hapamfai. Ukaniuliza: kama sayari ya Mshtarii nayo ina taa hizo, mbona kwenye picha zake ni za buluu, na mbona kwenye darubini ya chuoni hukuona hata dalili?

Buluu ile ni ya kupakwa. Kijani ulichokiona wewe kilitoka kwenye oksijeni iliyogongwa na elektroni, chembe ndogo sana zenye chaji ya umeme, lakini angahewa ya Mshtarii karibu yote ni haidrojeni na heli. Haidrojeni ikigongwa hivyo hung'aa zaidi kwa urujuanimno, na jicho la binadamu halina habari nayo. Wataalamu huipaka rangi ili nasi tuone. Tena ile picha maarufu ya mwaka 2016 ya Hubble, darubini iliyo angani, sayari yenyewe ilipigwa wakati mwingine, kisha taa zikabandikwa juu yake. Sioni kosa, ila wangelisema kwa herufi kubwa zaidi.

Unakumbuka marehemu baba yako alivyochomelea lile geti bila kuvaa kioo? Mchana hakusikia kitu. Usiku akaamka analia, macho kama yametiwa mchanga. Mwanga wa ukoo huohuo. Ule wa Mshtarii humezwa na oksijeni na ozoni yetu kabla haujafika chini, kwa hiyo hata darubini yenu ingekuwa kubwa kama nyumba, isingeambulia kitu. Ilibidi chombo cha Voyager 1 kipite kule mwaka 1979, kisha Hubble itazame kutoka juu ya hewa yetu, na Julai 2016 chombo cha Juno kikaanza kuizunguka sayari yenyewe.

Sasa lile ninalolipenda mimi. Taa zako za Tromsø zinategemea jua. Likitulia, nazo hufifia. Za Mshtarii hazizimiki. Ana mwezi wake, Io, uliojaa volkano, na kutoka huko karibu tani 1 ya salfa na oksijeni huingia angani kila sekunde. Chembe zikishapata chaji, hunaswa na sumaku ya Mshtarii, inayozunguka pamoja na sayari kwa muda usiotimia saa 10, zikakokotwa nayo. Mkokoto huo huzaa mikondo ya umeme, na elektroni hutupwa kwenye ncha za sayari. Yaani sayari inajiwashia taa kwa kuzunguka kwake tu, kama dainamo ya baiskeli ya babu yako.

Io nayo huacha doa lake la mwanga kwenye angahewa ya Mshtarii, linaloifuata kila iendako. Miezi mingine, Ganymede na Europa, nayo ina madoa yake.

Mawingu yakiondoka, tazama tena kwa darubini zile nukta nne kando ya sayari, ndiyo miezi yake mikubwa. Isiyokwenda mbali nayo ndiyo Io. Niandikie umeikuta upande gani.

Mama yako