Pesa au chakula kwa familia yenye njaa?

Ndugu yangu, umeuliza kipi bora kwa familia inayolala njaa, kuipelekea chakula au kuipa pesa, maana ulicho nacho ni kidogo. Kama soko lipo karibu na lina bidhaa, toa pesa. Wenyewe ndio wanaojua kilichopungua: pengine unga upo ila kuni hakuna, au deni la dawa ndilo linalomeza kila kitu. Hata Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), lililopata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2020, hugawa fedha taslimu, si chakula pekee. Soko likiwa tupu, hapo peleka chakula chenyewe.

Ukikuta mjamzito au mtoto wa chini ya miaka miwili, anza na hao. Utapiamlo wa siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba, huleta udumavu ambao ni mgumu mno kurekebisha baadaye. Mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu yote miwili apelekwe kituo cha afya leo, si kesho.

Na tafadhali, usiwapige picha. Kidogo cha kila mwezi kitawafaa kuliko kikubwa cha mara moja, kwa sababu wataweza kupanga.