Jeli inanyanyuka kabla ya wiki na vidole vinawasha: jibu langu kwa fundi mwenzangu wa Lindi

Mleta uzi, umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kwa nini jeli ya kucha unayowapaka wateja wako huko Lindi inanyanyuka kabla wiki haijaisha, ununue taa na mashine gani kwa mtaji mdogo, na kwa nini ncha za vidole vyako zimeanza kuwasha. Waliotangulia kujibu wamekimbilia kutaja majina ya rangi. Mimi natengeneza kucha hapa Mtwara mjini na nimewafundisha mabinti kadhaa kazi hii. Nitaanza na hilo la mwisho, ambalo wote wameliruka, kwa sababu ndilo linaloweza kukutoa kazini moja kwa moja.

Jeli ikiwa ndani ya chupa ni mchanganyiko wa akrilati, kemikali ambazo mwanga wa taa unazifunga pamoja zikawa plastiki ngumu. Ikishakauka mpaka chini haina ugomvi na mwili. Ikiwa mbichi na ikagusa ngozi leo, kesho na keshokutwa, miili ya baadhi ya watu inaanza kuikataa: muwasho, vipele vya maji kwenye ncha za vidole, ngozi kukauka na kupasuka, wakati mwingine kucha kuachana na nyama yake. Wapo wanaovimba kope kwa sababu tu wamejigusa usoni. Na mwili ukishaikataa hausahau, mzio huo ni wa maisha. Kibaya zaidi, kemikali za jamii hiyohiyo zimo kwenye dawa za kuzibia meno na kwenye saruji wanayotumia madaktari wa mifupa kushikizia viungo bandia. Kwa hiyo usiuchukulie muwasho huo kama jambo la kupaka mafuta na kuendelea.

Akrilati inayosumbua watu zaidi inaitwa HEMA. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kuwa bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na mafundi pekee na ziandikwe onyo la mzio. Sisi huku tunaziuza mezani kwa yeyote, hivyo jukumu la kusoma chupa ni lako.

Kuanzia leo, mdogo wangu, usiguse jeli mbichi kwa mkono mtupu. Vaa glavu za nitraili. Zile nyeupe za mpira wa kawaida akrilati inazipenya haraka. Hata hizo za nitraili usishinde nazo mchana kutwa, ikidondokewa na jeli ivue uvae nyingine. Futa shingo ya chupa, mpini wa brashi na ukingo wa taa, maana hapo ndipo jeli inapojificha na kukupaka bila wewe kujua. Jeli ikimwagikia ngozi ya mteja, itoe kwa kijiti kabla hujawasha taa, si kwa ukucha wa kidole gumba chako kama wengi tunavyoona ikifanyika. Na ule unato unaobaki juu baada ya taa ni jeli ambayo hewa imeizuia kukauka. Ni mbichi. Ufute kwa kitambaa kisicho na nyuzi chenye spiriti, kutoka mzizini kwenda nchani, ili usiupakaze kwenye ngozi. Kama baada ya hayo muwasho haupungui, simamisha kazi, muone daktari, na umwambie wazi unashika kemikali gani.

Sasa swali lako la kwanza. Nakwambia kwa uhakika kwamba limefungamana na hilo la muwasho. Jeli iliyopanda kwenye ngozi ndiyo inayoanza kunyanyuka, kwa sababu ngozi inajikunja na kujimenya, kucha haifanyi hivyo. Na jeli isiyokauka mpaka chini haishiki vizuri, huku ikiacha kemikali mbichi juu ya mwili wa mtu. Ukirekebisha upakaji na taa, unatibu vyote viwili.

Anza na maji. Mafundi wengi wanamlowekea mteja vidole kwanza, wanamsafisha, kisha wanapaka jeli hapohapo. Kucha inanyonya maji na kutanuka kidogo, halafu baadaye inakauka na kurudi ilivyokuwa, jeli iliyo juu inabaki haina pa kushika. Kazi ya jeli ifanye kavu. Mteja anawe kwa sabuni, ajipanguse vizuri, akae kidogo mbele ya feni. Huku kwetu pwani joto na jasho la viganja havina mchezo, usione haya kumwambia mteja asubiri.

Halafu sukuma ngozi ya mzizi taratibu. Baada ya kuisukuma utaona utando mwembamba uliobaki umeng'ang'ania juu ya kucha yenyewe, unang'aa kama haupo. Huo ndio unaowaponza wengi. Ukwangue mpaka uishe, pembeni kabisa na kwenye kona, bila kukata ngozi iliyo hai. Kisha toa mng'ao wa kucha kwa tupa laini, namba 180 au 240, kwa mkono mwepesi. Tupa ya namba 80 au 100 ni ya kucha za bandia, yaani akriliki na tipsi. Ukiipeleka kwenye kucha ya mtu unampunguzia unene, na kucha nyembamba inapinda sana, na inayopinda sana inaibandua jeli. Fundi anayesugua kwa nguvu ili jeli ishike ndiye anayeifanya isishike. Futa vumbi kwa brashi kavu, pitisha dawa ya kuondoa mafuta na unyevu, kisha praima (dawa ya kushikisha jeli) isiyo na asidi, kiasi cha kulowesha tu. Kuanzia hapo mteja asiguse nywele, simu wala uso. Akigusa, rudia kufuta.

Beisi, ile jeli ya chini kabisa, iwe nyembamba sana, uisugulie kwenye kucha kwa brashi. Acha uwazi mdogo kama uzi kati ya jeli na ngozi pande zote, na upitishe brashi kwenye ncha ili kuifunga. Rangi ni mikono miwili myembamba, kamwe si mmoja mzito. Nyeusi, nyeupe na rangi nzito nzito zinauzuia mwanga usifike chini, kwa hizo ni afadhali mikono mitatu. Topu, ile jeli ya juu ya kumalizia, nayo ifunge ncha. Kwenye joto letu jeli inakuwa nyepesi na kukimbilia pembeni, kwa hiyo paka kidole kimoja kimoja au viwili, kausha, endelea. Kidole gumba kikaushe peke yake. Mkono ukiingia wote, gumba linalala ubavu na mwanga unaliangukia upande mmoja, ndiyo maana wateja wengi wanarudi na gumba lililobanduka na vingine vizima.

Kuhusu taa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa yako ya kwanza inapotakiwa kwenda. Namba ya wati iliyoandikwa kwenye boksi inakwambia umeme unaoliwa, haikwambii mwanga unaofika kwenye kucha. Taa mbili za wati 48 zinaweza kutofautiana sana. Unachotafuta ni taa ya LED yenye mwanga wa nanometa 365 na 405 kwa pamoja, yenye vijitaa vilivyopangwa hadi pembeni pa gumba, sakafu inayoakisi mwanga, na kipima muda. Jeli nyingi kwenye taa ya namna hiyo zinahitaji sekunde 60 kila tabaka, lakini fuata maelezo ya chupa yako, na ikiwezekana nunua taa na jeli za kampuni moja. Zile taa za zamani za mirija minne ya wati 9 zinataka dakika 2 hivi, na mirija yake inachoka nguvu huku bado inawaka, hivyo macho yako hayawezi kukuambia. Kama huiamini taa yako, paka jeli kwenye kipande cha plastiki laini kwa unene uleule unaopaka kucha, kausha, ibandue, kisha tazama upande wa chini. Ukinata, taa haifiki.

Mteja akilia moto ndani ya taa, hakuna haja ya kumwambia avumilie. Jeli inapokauka inatoa joto, na ikiwa nene au kucha ni nyembamba, joto hilo linauma kweli. Atoe mkono, apumzike sekunde chache, arudishe. Taa zenye hatua ya kuanza na mwanga mdogo zinasaidia sana hapo, hasa kwa jeli ya kujengea, ile nzito ya kurefushia au kuimarishia kucha.

Jambo la kwetu sisi watu wa pwani: jua. Jua lina mwanga uleule wa UV unaokausha jeli. Najua raha ya kukaa barazani upepo wa bahari unavuma, lakini ukifungua chupa hapo jeli inaanza kuganda kwenye brashi na shingoni, na ile unayompaka mteja inaanza kukauka kabla hujaisawazisha. Kaa ndani, mbali na dirisha, chupa imefungwa kila unapoiweka chini. Mzigo ukitoka Kariakoo kwa basi, ukaupokee mapema usishinde juani stendi.

Kuna neno jingine la kusoma kwenye chupa: TPO, kemikali inayosaidia jeli kukauka. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 imepigwa marufuku kwenye vipodozi vya Umoja wa Ulaya, baada ya kuwekwa kwenye kundi la kemikali zinazochukuliwa kuwa zinadhuru uzazi, kwa ushahidi uliotokana na wanyama. Mimi sasa nachagua chupa zilizoandikwa hazina TPO, hasa kwa ajili yangu mimi ninayekaa nayo kila siku.

Wateja wetu nao wana mambo yao, na hapa vitabu vya kazi haviwezi kukusaidia. Msimu wa korosho utampata mama aliyetoka kubangua. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, utaona vidole vimebabuka na vyeusi. Vidole hivyo usivipake jeli hata akikuongezea hela. Mwambie arudi ngozi ikipona, na akibangua tena avae glavu. Anayeparua samaki au kushinda na sabuni na maji, mfupishie kucha na umpe jeli nyepesi.

Na suala la udhu liheshimu. Wateja wengi wa Kiislamu hawataki kitu kinachozuia maji yasifike kwenye kucha wanapotawadha. Anayekuja akiwa hasali kwa sababu yuko kwenye siku zake atataka uitoe baada ya siku chache, si baada ya wiki tatu. Muulize mapema, mpake jeli ya kuloweka (inayotoka kwa asetoni), nyembamba, isiyo ya kujengea, na kwenye bei umjumlishie na kazi ya kutoa, ili asije akaibandua kwa meno nyumbani. Ramadhani kazi ya jeli inapungua, hina inapanda. Anayekuja na hina kwenye kucha anapakika bila shida, ila subiri mafuta aliyojipaka yaishe. Kama ngozi yake iliwahi kuungua na piko, kuwa makini naye mara mbili.

Kutoa ni kazi, si hisani. Chimba topu kwa tupa, weka pamba yenye asetoni, funga na foili dakika 10 hadi 15, kisha sukuma kilicholainika. Kisicholainika rudishia, usikikwangue. Jeli ngumu ya kujengea haiyeyuki kwa asetoni, hiyo inasagwa, na uache tabaka jembamba la beisi usiguse kucha.

Mashine ya kusagia jeli isikuumize kichwa sasa. Tupa ya mkono inatosha mpaka mkono wako ukomae. Ukifika wakati wa kuinunua, angalia isitetemeke kwenye mzunguko mdogo. Hilo ni la maana kuliko kuandikwa mizunguko 35,000 kwa dakika. Vaa barakoa unaposaga.

Vyombo vya chuma vioshe kwa sabuni na brashi kwanza, ndipo uvitie kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa. Dawa juu ya uchafu haifanyi kazi. Tupa na bafa (kile kipande cha kulainishia kucha) ni za mteja mmoja, mpe aende nazo au uzitie kwenye taka. Damu kidogo kutoka kwenye ngozi iliyokatwa inatosha kupitisha homa ya ini. Ukiona doa la kijani chini ya jeli iliyonyanyuka, huyo ni bakteria anayependa unyevu. Toa jeli yote, usifunike kwa rangi nyeusi, na kama kunauma aende hospitali.

Kwa mtaji wako, basi, mpangilio wangu ni huu: taa nzuri, beisi na topu zinazoendana na taa hiyo, praima, glavu, tupa, asetoni, vyombo vya chuma viwili viwili ili kimoja kiwe kwenye dawa. Rangi tano zinatosha kuanzia: nyekundu, nyeupe, nyeusi, ya maziwa na ya ngozi. Na kwa sababu ya umeme wetu, kama una uwezo wa kuongeza kidogo, chukua taa ya kuchaji. Umeme ukikatika katikati ya kazi na huna ya kuchaji, usimwache mteja aondoke na jeli mbichi wala usimpeleke juani aikaushe. Ifute yote kwa spiriti, mpangie siku nyingine, umrudishie hela yake kama alishalipa.