Kwa familia inayokuja kutumika Ufini: ombeni jembe

Sisi tulikuja na kiburi cha Makete. Mtu aliyezoea kuamka alfajiri ya Julai akakuta sakitu imelala juu ya majani ya viazi hatishwi na habari za baridi ya Ulaya. Wenzetu wa Dar walipotuonea huruma pale uwanja wa ndege, baba watoto akawajibu, "Baridi tumezaliwa nayo." Tukafika Oulu, kaskazini mwa Ufini, mwezi wa 11, na watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miezi saba, na koti langu la mtumba nililolipatana bei nusu saa nzima. Zito kama godoro. Kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri lilinisitiri vizuri. Zilipofika 22 nikajua nimevaa chandarua.

Kwa hiyo, mama mchungaji mwenzangu, msinunue nguo za baridi huko nyumbani. Kilo zenu wekeni unga wa ulezi, kanga, kitabu cha nyimbo, vyeti vya kuzaliwa na cha ndoa, na kadi za kliniki za watoto, maana huku watataka kujua kila chanjo. Nguo mtazipata kirppis. Ndio mtumba wa huku: mtu anakodi rafu kwa wiki, anapanga vitu vyake na bei, mwenye duka anapokea fedha kwa niaba yake. Hakuna kupatana. Ovaroli ya mtoto iliyovaliwa msimu mmoja inauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya mpya, na Wafini wenye uwezo wao wanazinunua bila haya yoyote. Nanyi msione haya.

Chekechea watawapa orodha. Isomeni mara mbili. Mimi niliisoma mara moja nikampeleka binti yangu na pea moja ya glavu. Mchana nilipomfuata, mwalimu hakunilaumu. Alinishika mkono akanipeleka kwenye kabati la kukaushia, mlango ukafunguka na hewa ya moto, na mle ndani glavu za watoto zimening'inia pea mbilimbili, kila moja na jina la mwenyewe. Ya kwetu ilikuwa moja, imelowa chapachapa. Watoto wanatoka nje kila siku, theluji au mvua, mpaka baridi ifike nyuzi kama 15 chini ya sifuri. Tope nalo lina vazi lake, suruali za mpira zenye kamba inayopita chini ya buti. Mpangilio wa kuvalisha ni huu: fulana na suruali ya sufu inayobana, soksi za sufu, sweta, ovaroli, buti, mzula unaofunika masikio, glavu mwisho. Halafu mtoto anakwambia anataka kujisaidia. Jifunze kuuliza kabla ya ovaroli.

Wiki ya pili niliona dirishani kigari cha mtoto kwenye kibaraza cha jirani, theluji inaanguka juu yake, na mtoto yumo. Nikamwita baba watoto. Tukashauriana kama tukagonge au tupige 112, namba ya dharura. Nikaenda kugonga. Yule mama akatoka na kikombe cha kahawa, akanifunulia: mtoto yumo kwenye mfuko mnene, mashavu mekundu, amelala fofofo, pembeni kifaa cha kusikilizia akilia. Akanieleza kwa Kiingereza kwamba ndani analala dakika arobaini, nje saa tatu. Ilipofika Januari wetu naye alikuwa analala nje. Nyumbani sikusema. Mama yangu angepanda ndege.

Giza ni habari nyingine. Kwenye tarehe 21 Desemba jua la Oulu linachomoza kama saa nne na nusu asubuhi na saa nane mchana limeshazama, na katikati hapo linatambaa tu juu ya miti kama mtu asiyetaka kuja. Hatukujua kwamba giza linaingia mpaka kwenye ndoa. Tuligombana kwa ajili ya kijiko. Tulilala kwa muda wa saa kumi na kuamka tumechoka. Wapeni watoto matone ya vitamini D kila siku kama nesi atakavyowaelekeza (hapa mtoto huanza akiwa na wiki mbili), nanyi kunyweni yenu. Tokeni nje saa sita mchana hata kama kuna mahubiri ya kuandaa. Shoneni reflekta kwenye kila koti, maana dereva hakuoni, na sheria nayo inataka mtembea kwa miguu awe nayo gizani. Juni mtalipwa deni lote kwa mpigo: jua linazama usiku wa manane na kurudi baada ya saa mbili hivi, na mtoto anakuuliza kwa haki kabisa kwa nini alale mchana. Nunueni mapazia meusi.

Sasa nifike kwenye kilichonishinda.

Huku hakuna shikamoo. Mtoto wa miaka mitano anamwita mwalimu wake kwa jina, na baba watoto, aliyezoea kuitwa Mchungaji hata na mama yake mzazi, aliitwa jina lake la kwanza na kijana wa kipaimara siku ya kwanza. Hilo tulilimeza haraka. Kimya ndicho kilichokwama kooni. Kwenye basi kimya. Kwenye ngazi za jengo, "moi", salamu yao fupi, na mlango unafungwa. Nilihesabu siku 19 bila mtu kubisha hodi kwetu. Mimi nimekulia nyumba ya mwinjilisti, ambako mlango ulifungwa kwa ajili ya mbuzi tu. Nikaamua moyoni kwamba hawatutaki, na kwa miezi mitatu niliishi na uamuzi huo kama ushahidi.

Aliyenifungua ni bibi mmoja tuliyekutana naye kwenye kahawa ya baada ya ibada. Alinijia taratibu akasema, kwa Kiswahili cha Nyanda za Juu kabisa, "Pole na baridi, mama." Nusura niangushe kikombe. Alikuwa nesi kwetu miaka mingi, Kiswahili alijifunza Morogoro kabla ya kupangiwa kituo. Mkumbuke kwamba Shirika la Misheni la Ufini lilianzishwa 1859 na kuanza kazi Tanganyika 1948, kwa hiyo wazee wa namna hii mtawakuta, na wanaijua njia ya Njombe kuliko nyinyi. Nilimweleza habari ya mlango wangu. Akacheka mpaka akafuta macho. Mwaka wake wa kwanza Tanzania, alisema, alilia kila jioni kwa sababu hakuna aliyemwacha peke yake. Watu waliingia tangu alfajiri, wakakaa, hawakusema shida yao, wakaondoka. Alidhani wanamchunguza. Kisha akaniambia kwamba kwetu alijifunza kupokea hodi, na mimi hapa nijifunze kuipiga, ila nitume ujumbe siku mbili kabla.

Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huku siku ya tatu inapita, na ya mia inapita, jembe huletewi. Kukupa kazi wanaona ni kukusumbua. Kukugongea wanaona ni kukuingilia. Wanangoja uombe, na wanaweza kungoja miaka kumi kwa upole uleule.

Kungoja kwao kukanifaa mahali nisipotegemea. Kliniki ya watoto inaitwa neuvola, haina malipo, na mtakwenda mara nyingi kuliko mlivyozoea. Nesi alimpima mtoto, akaandika vipimo vyake, kisha akageuza kiti. Unalala? Kuna anayekusaidia? Mnapata muda wa kuongea nyinyi wawili? Nikajibu kama mke wa mchungaji anavyojibu: Mungu ni mwema. Kwetu hapo mtu angesema amina tukaendelea. Yeye alinyamaza. Akangoja. Saa ya ukutani ilikuwa na mshale mwekundu, niliutazama ukizunguka, na ulipofika kwenye tisa nilianza kulia. Safari iliyofuata aliomba baba watoto aje naye. Akamuuliza usiku mtoto akilia anaamka nani. Mchungaji alitazama sakafu. Sasa anaamka yeye, Jumanne na Ijumaa, na uji wa ulezi anaupika vizuri kunishinda.

Jambo moja nalisema kwa kifupi kwa sababu halina mjadala: tangu 1984 sheria ya huku inakataza kumpiga mtoto, hata kofi, hata ndani ya nyumba yako. Msingoje kuambiwa na mtu. Ongeeni nyinyi wawili kabla ya kusafiri mtamrudi mtoto kwa namna gani, maana uchovu wa giza utawakuta hamjajipanga.

Kifini jifunzeni tangu siku ya kwanza, hata kama kila mtu anawajibu kwa Kiingereza. Sisi tuna bahati fulani: "hän" yao ni "yeye" yetu, haijali mume wala mke, na irabu zao nyingi tunazitamka bila taabu. Ila urefu wa irabu ni hatari. Kukutana na mtu ni "tapaan", na kumuua ni "tapan". Baba watoto alimuaga mzee wa kanisa mlangoni kwa tabasamu pana, akimwahidi kwamba Jumapili atamuua. Mzee akafikiri kidogo, akajibu anatumaini hapana. Wakapeana mikono.

Kazini mtakuta kanisa kubwa na watu thelathini na kitu, wengi vichwa vyeupe. Msianze kuwahesabu kwenye barua za nyumbani kama mahasibu wa mavuno. Zaidi ya nusu ya wananchi ni washarika, wanalipa kodi ya kanisa kutoka kwenye mshahara, kati ya asilimia 1 na 2, na kanisani hawaonekani. Lakini nendeni makaburini jioni ya tarehe 24 Desemba. Tulikwenda kwa sababu bibi wa Morogoro alituambia tuvae vizuri tumfuate. Kila kaburi lina mshumaa unaowaka ndani ya theluji, maelfu, na familia nzima zinatembea katikati bila kusema neno, mtoto anainama anawasha wa babu yake. Binti yetu akauliza kama hawa wote ni washarika wetu. Baba watoto hakujibu. Mwaka huo alifupisha mahubiri kutoka dakika hamsini hadi kumi na mbili na kuanza kukaa kwenye kahawa mpaka vikombe vioshwe. Maswali ya watu yanatoka wakati wa kuosha vikombe.

Ataalikwa sauna. Ataalikwa na wazee wa baraza, wanaume peke yao, na ndani hakuna nguo. Mwenzangu alikaa wiki nzima akitafuta udhuru wa kiroho. Alikwenda, akakaa benchi la chini lenye joto dogo, akarudi amekula soseji na kusikia habari ya talaka ambayo ofisini asingeisikia kamwe. Nanyi kwenye jengo mtapata zamu yenu ya familia, kwa kawaida saa moja kwa wiki. Isiwapite. Ndiyo saa pekee ya Januari ambayo miguu yangu ilikuwa ya Tanzania.

Chakula hakitawasumbua. Unga wa mahindi upo kwenye maduka ya Waasia na Waafrika, na kuna visamaki vya ziwani vinaitwa muikku, vinakaangwa vizima na unga wa rai, nafaka ya huku inayofanana na ngano. Funga macho, uko Mwanza. Fedha za nyumbani zitawasumbua zaidi, kwa sababu ukiwa Ulaya hakuna mjomba anayeamini kwamba huna. Pangeni kiasi, kijulikane, mshikamane hapohapo wote wawili.

Mwezi wa 5 nikaona karatasi imebandikwa chini ya ngazi: talkoot, Jumamosi saa nne. Nikaitafuta kwenye kamusi, kumbe ni msaragambo, kazi ya pamoja ya majirani. Muda wote huo nilikuwa nikipita karibu na watu wenye msaragambo na hatujui. Tukashuka wote wanne. Ua lote lilikuwa na kokoto zilizomwagwa barabarani wakati wa barafu na majani yaliyooza chini ya theluji. Hakuna aliyetupangia kazi. Tulisimama pembeni kama wageni rasmi mpaka nikaenda kwa mzee wa ghorofa ya tatu, ambaye kwa miezi sita hatukuwahi kupita "moi", nikamwomba reki kwa Kifini changu cha kuungaunga. Akaingia stoo, akatoka na mbili na ndogo ya mtoto. Alimtazama baba watoto anavyoshika yake kwa muda, akamnyang'anya, akamwonyesha, akamrudishia. Kisha akauliza kama Tanzania miti inapukutisha majani. Tukazungumza habari za miti mpaka soseji zikaiva.

Talkoot ya vuli kwetu huwa Oktoba. Nyinyi mnafika Agosti, kwa hiyo mtaiwahi. Reki zipo stoo, ukiingia mkono wa kushoto. Leteni glavu za kazi, za hapa ni ndogo.