Anti wa Safari Anajibu: Pointi za Hoteli za Kihistoria, Sisi wa Dodoma Tunazilaje?

Mbukwenyi wasomaji wangu. Mwezi huu barua karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti tofauti, pointi za hoteli (zile unazopewa kama mwanachama ukilala na kulipa, halafu baadae unalipia nazo chumba), na hasa zile hoteli kongwe zenye majina. Naona toka treni ya SGR ianze kuja Dodoma Julai 2024 watu mnashuka Dar kama mnaenda Chamwino, sasa mnalala huko, mnalipa, halafu baadae ndo mnagundua kumbe kuna kitu mlikuwa mnakiacha kaunta. Haya tuanze.

Shikamoo anti. Nafanya kazi shirika moja hapa Area D, natumwa Dar mara kwa mara, hoteli nalipa kwa kadi yangu halafu ofisi wananirudishia. Nina pointi 26,000 za Hyatt. Wazazi wangu wako Kondoa, Desemba wanatimiza miaka 40 ya ndoa na mzee alikuwa dereva wa serikali, anasema Kilimanjaro Hoteli yeye aliishia kwenye maegesho tu akisubiri mabosi. Nataka niwalaze pale. Inawezekana wao walale mimi nisiwepo? (Binti wa Kondoa)

Marhaba mwanangu, inawezekana na naomba ufanye. Pointi zako unaweza kumwekea mtu mwingine chumba, ila jina la mgeni liandikwe la mzee kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha NIDA, sio lile la nyumbani wala la utani, na ukishamaliza kubuku piga simu hotelini uwaambie wazi kwamba mwenye akaunti hatakuwepo, watakaofika ni wazazi. Usiache wazee wakafika pale na mabegi yao wakaanza kuulizwa maswali ambayo majibu yake unayo wewe Dodoma.

Sasa nikwambie kuhusu hoteli yenyewe ili umuandae mzee. Ilifunguliwa 1965, miaka minne baada ya Uhuru, na enzi hizo ilikuwa mali ya umma na ndo hoteli ya kuonyeshea wageni wa nchi. Baadae ikachoka kweli kweli, ikauzwa, ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena 2005 ikiwa chini ya Kempinski, halafu ndo wakaja Hyatt wenye jina mpaka leo, Hyatt Regency Dar es Salaam, The Kilimanjaro. Maana yake ndani kumebadilishwa karibu kila kitu. Kama mzee anategemea kukuta viti vya miaka ya sabini hatavikuta. Alichokiacha pale na bado kipo ni mahali penyewe, bandari mbele, pantoni za Kigamboni zinaenda na kurudi, na ukitembea kidogo tu unalikuta kanisa la Azania Front la Wajerumani. Kwa hiyo pigania chumba kinachotazama bandari. Chumba cha kawaida cha pointi hakikuhakikishii upande, utaomba, na wakisema upande ule una nyongeza basi ulize ni shilingi ngapi, kwa maoni yangu hiyo ni hela ya kulipa bila kujifikiria, hata kama itabidi walale usiku mmoja badala ya miwili.

Na hapa ndo watu wengi wanapoaibika: pointi zinalipa chumba tu. Chai ya asubuhi haimo, labda uwe kwenye ngazi ya juu kabisa ya uanachama wao ile ya Globalist, na wewe kwa pointi 26,000 sidhani kama upo huko. Chakula, soda, kufuliwa nguo, vyote ni hela. Halafu wakifika mapokezi wataombwa kadi au fedha ya dhamana, inarudishwa wakiondoka kama hawajatumia kitu, lakini mzee wa Kondoa ukimwambia atoe dhamana kwenye chumba ulichomwambia kimeshalipiwa, atajua katapeliwa. Mpe hiyo fedha mapema mkononi na umweleze kabisa.

Bei ya pointi inapanda na kushuka kutegemea msimu na Desemba ndo msimu wenyewe, hivyo angalia sasa hivi. Ukishika chumba mapema na mambo yakaharibika, ukifuta ndani ya muda waliouweka pointi zako zinarudi. Nauli ya treni daraja la kawaida Dodoma mpaka Dar ilianza na 31,000 kwa mtu mzima, hivyo usiwapandishe basi tena jamani, miaka 40 ya ndoa.

Anti, mimi ni mtumishi, Mtumba. Nimekaa semina siku tano kwenye hoteli kubwa ya kimataifa Dar, namba ya uanachama niliwapa mapokezi, mpaka leo akaunti inasoma sifuri. Wameniibia? (Sifuri)

Hapana Sifuri, nani alilipa? Nina uhakika bili yote ilienda kwa mwandaaji, yani vyumba, ukumbi, chai, vyote invoisi moja. Kwenye kampuni karibu zote kubwa za hoteli, kama Hyatt na Marriott, pointi anapata mgeni aliyelipia chumba chake mwenyewe, ukilipiwa kwenye bili ya jumla unaondoka na begi la semina na kalamu. Na nikuongezee uchungu kidogo, Hyatt na Marriott wana utaratibu ambao aliyesaini mkataba wa ukumbi anaweza akapata pointi za tukio zima. Kwa hiyo ule mwaka mnaoshangaa mwandaaji semina zote anazipeleka hoteli ile ile... simtuhumu mtu.

Kuna sababu zingine mbili nazikuta kwenye barua. Moja ni kubuku kupitia tovuti za kati, zile Booking na Expedia, huko bei inaweza kuwa nzuri ila hoteli inakuhesabu wewe ni mteja wa tovuti ile na sio wao, pointi huna. Ya pili ni jina, akaunti inasema Mariam, chumba kinasema Mariamu na jina la mume, mashine haijui kama ni mtu mmoja. Hiyo ya jina inarekebishika, unaomba ile bili yenye mchanganuo ya chumba chako (sio risiti ya EFD peke yake) unawatumia huduma kwa wateja wa uanachama na wanakuongezea. Usikae nayo miezi.

Na kwa kuwa wewe ni mtumishi ngoja niseme hili hujaliuliza. Posho ukishapewa ikawa yako na ukachagua mwenyewe pa kulala, pointi ni zako, sioni dhambi. Lakini kama ofisi inalipia hoteli moja kwa moja au ni masurufu ya kurejesha, uliza kwanza utaratibu wa taasisi yako, na usije ukaacha hoteli ya karibu na kazi ya bei nafuu ukapeleka msafara wote hoteli ya gharama sababu ya pointi zako. Mkaguzi akija hatakuuliza pointi, atakuuliza kwanini bili ilipanda.

Habari anti, mimi nina duka Majengo, naenda Nairobi kuchukua mzigo. Nimesikia Norfolk ni hoteli ya kihistoria na unaweza kulala kwa pointi. Kweli au maneno ya watu? (Mama Duka)

Nzuri mama. Ni kweli, ila pointi zake zinafanya kazi kivingine. Norfolk ilifunguliwa 1904, Nairobi yenyewe ikiwa bado kambi ya reli iliyochangamka, na Theodore Roosevelt alipotoka urais wa Marekani alifikia pale 1909 akienda kuwinda. Mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1980, bomu lililipuka likaua watu na kubomoa sehemu ya jengo, wakajenga tena. Ipo kwenye jina la Fairmont ambalo ni la kundi la hoteli la Accor, na uanachama wao unaitwa ALL. Huko hakuna usiku wa bure kama wa Hyatt, pointi ni punguzo kwenye bili, kila pointi 2,000 zinakata euro 40. Uzuri wake hauhangaiki kutafuta chumba cha pointi, kikiwepo cha hela kipo na cha kwako. Ubaya, usipofanya chochote kwenye akaunti kwa siku 365 pointi zinakufa, wakati Hyatt na Marriott wanakuvumilia miezi 24.

Kwa mtu wa mzigo kama wewe anayelala gesti karibu na stendi ili alfajiri awe sokoni, mimi nisingejipa presha. Pointi za kutosha utazitoa wapi kama hulali kwenye hoteli zao? Nenda pale siku moja jioni ukae bustanini unywe chai, utakuwa umeiona Norfolk na mtaji wako uko salama.

Anti mambo. Niko UDOM mwaka wa tatu. Naangalia video za Wamarekani YouTube, wanalala hoteli za kifalme bure kabisa, wanasema ni kadi za benki tu. Benki gani ya hapa nikafungue? (Ndoto Kubwa)

Poa mwanangu. Hakuna ya hapa itakayokufikisha kule kwa njia ile. Wale wanachukua kadi za mkopo za kwao, mfano za benki ya Chase, anapewa pointi nyingi za kukaribishwa akishatumia kiasi fulani, halafu anazihamishia Hyatt. Ndo maana ana pointi za wiki nzima na hajalala hotelini hata siku moja. Sisi njia yetu ni ya miguu, unalala, unalipa mwenyewe, unapata pointi tano kwa kila dola pale Hyatt, kumi kwa dola kwenye hoteli nyingi za Marriott. Jiunge sasa maana ni bure, ila usichukue mkopo wa mtu ukalale hoteli kutafuta pointi. Maliza chuo.

Anti, nafunga ndoa mwakani, nataka fungate Zanzibar pale Park Hyatt Mji Mkongwe. Sina pointi hata moja ila nimeona wanaziuza. Ninunue? (Bwana Harusi Nkuhungu)

Hongera baba. Tupige hesabu, maana hapa ndo naona watu wanapigwa huku wanacheka. Hyatt bei yao ya kawaida ni dola 24 kwa pointi 1,000. Tuseme usiku unaoutaka unahitaji pointi 12,000, hiyo ni dola 288, na dola tukiiweka 2,500 unakuja kwenye shilingi 720,000. Sasa piga simu hotelini, usiangalie mtandaoni, uliza bei ya mkazi. Tuseme wakakwambia 450,000 na chai ndani. Umeona? Umenunua "bure" kwa 270,000 zaidi na chai hujanywa. Namba za usiku na bei nimetunga za mfano, zako utaziweka mwenyewe, lakini hiyo ndo hesabu, na wale wa kwenye video hawaifanyi kwa sababu wao bei ya mkazi hawana, wanalinganisha na bei kubwa ya watalii. Kununua pointi kunalipa kukiwa na ofa kubwa, au ukiwa umepungukiwa chache tu kufikia usiku unaoutaka. Na kabla ya kununua angalia ndugu, Hyatt wanaruhusu mwanachama kumuunganishia mwenzake pointi, mara moja kila siku 30, bila malipo. Mashemeji wanaosafiri kikazi wachangie hizo badala ya kukupa seti ya tatu ya vikombe.

Jengo lenyewe ni zuri, hilo sibishi. Lile jumba la Mambo Msiige pale Shangani ni la karne ya 19, Waingereza walilitumia kwa ubalozi wao mdogo, na hoteli imefunguliwa 2015. Ila si vyumba vyote viko ndani ya jumba la zamani, kuna jengo la pili pembeni, kwa hiyo kama unachokifuata ni historia uliza kabisa chumba chako kiko upande gani kabla hujatoa pointi au hela. Kwepa Februari ya Sauti za Busara, Mji Mkongwe wote unajaa. Tozo ndogo ndogo za serikali ya kule kwa kila kichwa zinaweza kudaiwa mapokezi hata kama chumba ni cha pointi, weka akiba.

Mwanangu, mnatuandikia ya Dar na Nairobi. Hapa Dodoma hatuna hoteli ya kihistoria? (Mzee wa Chamwino)

Shikamoo mzee wangu. Ipo, na wewe unaijua kuliko mimi, ile ya karibu na stesheni ya zamani, enzi za mkoloni ikiitwa Railway Hotel. Miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways za London kwenda Cape Town zilikuwa zinatua hapa Dodoma, kwa hiyo wageni wa mbali hatukuanza kuwaona na makao makuu ya 1973. Pointi hazimo mzee, hoteli nyingi za mji wetu ni za watu binafsi, taasisi na jumuiya za dini. Lakini mteja wa kudumu hapa anapunguziwa kwa mdomo, hilo halina programu. Kasheshe ni Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni hata gesti ya Chang'ombe inajifanya Hyatt.

Anti kuna kaka WhatsApp anauza usiku wa Hyatt nusu bei, anasema anatumia pointi zake, natuma hela M-Pesa. Niamini? (Wa Kikuyu)

Usitume. Masharti ya uanachama yanakataza kuuza pointi, wakimgundua wanafunga akaunti na kufuta buking, na wewe ndo utakuwa umesimama mapokezi na begi. Hapo ni kama kaka yupo kweli na pointi anazo kweli. Mara nyingi anatumia akaunti aliyoiba, au hana kitu. Kama umeshamtumia, wapigie mtandao wako wa simu leo leo wajaribu kuzuia muamala, halafu uende polisi ukiwa na meseji zote, usizifute.