Wi-Fi ya Vocha: Mnase Anayejifanya Mteja Wako

Nafunga Wi-Fi za vocha kwenye hosteli na nyumba za kupanga, toka Sinza mpaka Mbagala, na lalamiko linalonifikia sana ni lile lile: mteja kanunua vocha ya wiki, bando limekata katikati, na kila akiingia mtandao unamtupa nje. Wenye Wi-Fi wengi hukimbilia kugombana na kampuni ya intaneti. Anza kwako. Huenda kuna mtu anatumia MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa, ya mteja wako.

Rauta ya vocha humjua aliyelipa kwa anwani ya MAC ya simu yake, ile ya namba na herufi 12. Anwani hiyo hupita hewani waziwazi, hata pale Wi-Fi inapokuwa na neno la siri. Mwenye laptopu anaweza kuinasa, akaivaa, na rauta ikawaona wote wawili ni mtu mmoja.

Asichoweza kukiiga kirahisi ni mahali alipo. Rauta hupima nguvu ya mawimbi ya kila kifaa kwa dBm, kwa namba hasi: -40 yuko karibu, -80 yuko mbali au nyuma ya kuta. Akipandisha au kushusha nguvu ya kurusha, rauta zote zitaliona badiliko hilo kwa pamoja, ila tofauti kati ya rauta moja na nyingine itabaki karibu pale pale.

Kuna hosteli ya ghorofa niliyoihudumia, ina rauta kila sakafu. Aliyelalamika alikuwa binti wa chumba cha juu. Nikamwambia, "Dada, weka simu kwenye chaji hapo mezani, usiiguse." Rauta ya juu ikasoma -47, -49, -48. Mara MAC hiyo hiyo ikaibukia rauta ya chini kabisa, -52. Simu iliyolala mezani haishuki ngazi. Nikamwomba azime Wi-Fi kabisa; MAC yake ikaendelea kupakua. Kipimo hicho cha pili ndicho ninachokiamini kuliko vyote, na unakifanya kwa ukurasa wa rauta tu.

Usiwe na haraka ya kushuku, lakini. Mtu akipita au mlango ukifungwa, namba hucheza kidogo, na simu inayotembea huhama rauta kihalali. Tena, simu za Android 10 na iOS 14 kwenda juu hujitungia MAC ya bahati nasibu kwa kila mtandao, kwa hiyo MAC ngeni si lazima iwe ya mwizi. Utaitambua kwa alama ya pili: ni 2, 6, A au E.

Kumtafuta alipo, achana na hesabu za umbali. Kuta za zege na mabati huzivuruga. Tembea na simu yako chumba hadi chumba, korido hadi korido, uandike kila rauta inavyokusoma. Kisha linganisha na namba za kifaa unachokishuku, ukiangalia zaidi tofauti kati ya rauta na rauta, kwa sababu simu hazirushi kwa nguvu sawa. Utapata kona ya jengo, hutapata jina. Tafadhali usigonge mlango wa mtu kwa ushahidi huo. Hifadhi kumbukumbu za rauta pamoja na saa zake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na kukamata ni kazi ya polisi.

Dawa yenyewe ni kuacha kuitegemea MAC. Zima ile sehemu ya rauta ya kumwingiza mteja moja kwa moja kwa MAC yake. Ukiweza, weka RADIUS, seva ya kuhakiki watumiaji, kila mpangaji awe na jina na neno lake la siri kwenye Wi-Fi iliyofungwa. Hapo MAC ya kunakili haimfikishi mtu popote. Na kwa wale wanaotuma amri bandia za kuwatoa wateja hewani, WPA3, kiwango cha usalama wa Wi-Fi kilichotoka 2018 baada ya WPA2, imelazimisha kinga dhidi ya amri hizo. Kwenye rauta nyingi za WPA2 kinga hiyo imeandikwa PMF. Iwashe, ila ijaribu kwanza na simu za zamani za wapangaji, maana nyingine hukataa kuunga.