Miaka 12 bandarini haigeuki krediti 36

SWALI: Nipo Temeke, nafanya kazi ya kugomboa mizigo bandarini mwaka wa 12 huu. Nimeona chuo cha Marekani kinachofundisha mtandaoni, digrii ya biashara, wanasema naweza kupunguziwa kozi kwa uzoefu wangu nikiandaa potifolio, yaani faili la maelezo na ushahidi wa ninachokijua. Kaka mmoja mwenye steshenari Posta kasema ataniandikia kwa laki nne, na kila mwaka wa kazi ni krediti 3 (zile pointi za kozi zinazojumlishwa hadi upate digrii), hivyo nitapata 36. Ni kweli?

JIBU: Chuo kukwambia hivyo inawezekana kabisa. Huyo kaka ndo anakudanganya, laki nne zako kaa nazo.

Hii hesabu ya mwaka mmoja krediti tatu imenichosha jamani, kazi yangu ni kutathmini potifolio na kila nikikaa na watu wapya lazima mmoja aje nayo. Hakuna krediti ya kukaa kazini dada yangu. CAEL, shirika la Marekani lililoanza haya mambo mwaka 1974, vigezo vyake vinasema wazi kwamba krediti inatolewa kwa ulichojifunza na ukakithibitisha, uzoefu peke yake au muda haulipwi kitu.

Sasa tofauti iko wapi? Chukua mzigo wa Kariakoo, boksi moja ndani kuna mashine ya umeme ya kunyolea, kitana, mkasi, brashi na taulo. Unaweka namba gani ya HS, ile ya forodha ya kutambua aina ya bidhaa? Ukinijibu "sisi huwa tunaweka hii", umenipa uzoefu, ahsante. Ukiniambia kanuni za kupanga bidhaa ziko 6, na kwa kanuni ya 3(b) vitu vilivyofungwa pamoja viuzwe kama seti vinafuata kile kinachoipa seti tabia yake, kwa hiyo vyote vinaenda na mashine kwenye namba 8510, halafu ukanionyesha mzigo wako ambao forodha walibishana na wewe na ulijiteteaje, hapo sasa tunaongea krediti. Na kuna kijana wa miaka mitatu kazini ananijibu hivyo wakati mzee wa miaka 20 hawezi, maana yeye miaka yote alikuwa anapeleka makaratasi tu dirishani.

Kwa hiyo anza na kozi, achana na CV. Digrii ya kule kwa kawaida ni krediti 120 na kozi moja mara nyingi ni 3, unachukua silabasi ya kozi moja unayoiweza, unapita kila kitu wanachotaka mwanafunzi ajue, unaandika wewe mwenyewe unakijuaje na unaambatanisha ushahidi. Nyaraka za wateja ziba majina. Barua ya bosi iseme ulifanya nini na kwa kiwango gani, zile za "ni mwaminifu na mchapakazi" hazinisaidii chochote.

Halafu watu wanachanganya. RPL, yaani kutambuliwa kwa ulichojifunza nje ya darasa, ile ya VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi) inampa fundi cheti cha ujuzi alionao, ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) inakufungulia mlango wa kuingia chuo, hii ya kwako inapunguza kozi ukiwa tayari ndani. Vitu vitatu tofauti, matapeli wanaviuza kama kimoja.

Matapeli wenyewe utawajua kwenye malipo. Chuo cha kweli unakilipa kwa kazi ya kutathmini, upate krediti au ukose, na hata hili lipo kwenye vigezo vya CAEL. Ukiona bei inapanda kadiri krediti zinavyoongezeka, au umetumiwa imeili kwamba digrii ya "uzoefu wa maisha" inafika baada ya wiki mbili, kimbia. Mwaka 2017 watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti feki, na uhakiki ule uligusa vya kidato cha nne, cha sita na ualimu tu, digrii za mtandaoni hazikuguswa. Siku ukipeleka digrii yako TCU itambuliwe ndo utajua kama chuo kina ithibati kwao au ni tovuti tu, na hela haitarudi.

Kabla hujatuma hata senti waulize chuo wanapokea krediti ngapi mwisho kwa njia ya potifolio, na ukihamia chuo kingine zinahama au zinabaki. Wakujibu kwa maandishi.

Na huyo kaka wa Posta mwambie akuandikie ukurasa mmoja tu wa kanuni ya 3(b), bure, uone.