Bakuli nililoliacha mezani Nagoya

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa binti mmoja wa Tanga ambaye amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili huku Nagoya, Japani, na ambaye anatarajia kufika mwishoni mwa Septemba, kabla muhula wa Oktoba haujaanza. Hakuniuliza habari za masomo, wala za baridi, wala za kodi ya chumba. Aliandika hivi tu: "Shikamoo kaka. Mimi ni Mwislamu na sijawahi kushika vile vijiti vyao. Nitakula nini huko?" Nilisoma nikacheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu swali hilo ndilo lililonitoa machozi miaka saba iliyopita, wakati ambapo sikuwa na mtu wa kumuuliza, au niseme ukweli, nilikuwa naye, ila niliona haya.

Namjibu hapa mbele ya wote, maana najua wengi wenu mnaonisoma mna barua ya udhamini mkononi au mnaisubiri kwa hamu. Jibu langu fupi, mdogo wangu, ni kwamba usianze na mgahawa. Anza na ukumbi wa vyakula, ule uwanja wa meza uliomo ndani ya majengo makubwa ya maduka, ambao umezungukwa na kaunta za wauzaji mbalimbali: huyu anapika tambi za rameni, yule tambi za udon, wa tatu wali wa kari, na pembeni kabisa wapo wa takoyaki, viduara vya unga vyenye pweza, na wa aiskrimu. Mgahawani mnakaa meza moja mkala vya jiko moja, na asiyeweza kula anaonekana na kila mtu. Ukumbini kila mmoja hubeba sinia lake kutoka kaunta aitakayo, mkakutana mezani, na hakuna anayeuliza kwa nini chako si kama changu.

Mimi sikulijua hilo nilipofika. Wiki yangu ya tatu, wenzangu wa maabara walinipeleka kwenye ukumbi wa namna hiyo siku ya Jumapili. Tulikuwa watu sita, na mmojawapo alikuwa Mtanzania mwenzangu aliyenitangulia kwa miaka mitatu, anayezungumza Kijapani vizuri. Nilizunguka kaunta zote mara mbili nikitazama picha, kwa kuwa herufi sikuzijua hata moja, hadi nikaona bakuli la tambi zilizolala katika mchuzi mweupe, mzito, unaong'aa kama tui la kwanza. Nikasema moyoni kwamba hapa nimefika nyumbani. Juu ya picha kulikuwa na vipande viwili vya nyama. Nilivionyesha kwa kidole nikatikisa mkono, naye kijana wa kaunta akanielewa, akaviacha. Alinipa kifaa kidogo cha plastiki, nikakiweka mezani, na kilipolia na kutetemeka nilikwenda kuchukua bakuli langu nikitembea kama mtu aliyeishinda nchi.

Nilikuwa nimefika nusu ya bakuli wakati kijana mmoja wa Kijapani aliponiuliza kwa upole kama siku hizi ninakula nguruwe. Nilimwambia hapana, nyama nimeikataa. Akatazama mchuzi, akanitazama mimi, akainamisha kichwa. Ile ilikuwa rameni ya tonkotsu. "Ton" ni nguruwe, "kotsu" ni mfupa. Mchuzi ule hupatikana kwa kuchemsha mifupa ya nguruwe kwa saa nyingi juu ya moto mkali mpaka mafuta na uboho vinachanganyika na maji na kuyageuza kuwa meupe. Asili yake ni kisiwa cha Kyushu, kusini, na jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya kaunta kwa herufi kubwa kuliko kichwa changu. Muuzaji hakuwa na kosa lolote. Alinipa nilichoagiza.

Nilisimama, nikaliacha bakuli na sinia palepale mezani, nikaondoka bila neno. Huku kila mtu hurudisha sinia lake mwenyewe kwenye dirisha la vyombo, kwa hiyo kuliacha mezani ni sawa na kumwachia mwenyeji wako takataka sebuleni. Mwenzangu alinifuata hadi kituo cha treni, akaniambia maneno ambayo bado nayasikia: "Umetuaibisha. Sasa watasema Waafrika ndivyo tulivyo." Mtu huyu alikuwa amekaa mkabala nami, anasoma kila kilichoandikwa ukutani, aliniona nikiagiza, na anajua fika kwamba naitwa kwa jina la Mtume. Nimemsamehe. Lakini tukikutana sokoni namsalimu kwanza mkewe.

Miezi mitatu iliyofuata sina haja ya kuisimulia kwa urefu. Nilikula wali na maharage chumbani, na wenzangu waliacha kunialika, si kwa chuki bali kwa kuogopa kuniudhi tena. Nilikula pia tambi za kikombe kutoka duka la halali, uvumbuzi wa Momofuku Ando, ambaye mwaka 1958 alitoa rameni ya kwanza ya papo kwa papo na mwaka 1971 akaitia ndani ya kikombe. Ninamheshimu sana mzee yule, lakini mtu hakusafiri kutoka Tanga hadi Nagoya ili ale kikombe peke yake akiwa amelitazama dirisha.

Mwezi wa Januari yule kijana aliyeniuliza kuhusu nguruwe alikuja mezani kwangu na karatasi. Alikuwa ameandika herufi moja kubwa ya Kijapani, inayosomwa "buta", yaani nguruwe, na chini yake sentensi moja ya kukariri: "Buta ga haitte imasu ka?" Maana yake ni kuuliza kama ndani mna nguruwe. Akaniambia Jumamosi tunarudi kulekule. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nilikwenda, na naomba unielewe, mdogo wangu: karatasi ile imenifaa kuliko somo lolote la lugha nililolipia.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni kuuliza kabla ya kulipa. Kaunta nyingi za makampuni makubwa zina jedwali la mzio, ambamo kila chakula kimeorodheshwa pamoja na vitu vinavyoweza kuwadhuru watu. Sheria ya Japani inalazimisha kutajwa kwa vitu kama mayai, maziwa, ngano, soba (kwa Kiingereza buckwheat), karanga, kamba na kaa kwenye vyakula vya paketi. Nguruwe si miongoni mwa vya lazima, ila yumo katika orodha ya vile ambavyo serikali inapendekeza vitajwe, na kwa sababu hiyo utamkuta kwenye majedwali mengi. Mtu wa kaunta atakuletea jedwali hilo bila kununa. Mvinyo hauonekani humo, kwa hiyo uliza kwa mdomo kuhusu mirin, kileo kitamu cha mchele kinachotiwa katika michuzi mingi, na uliza kama mafuta ya kukaangia yamekaangiwa nguruwe. Kuhusu sosi ya soya, ambayo ikichachuka hupata kileo kidogo chenyewe, wanazuoni wana maneno yao na mimi si mmoja wao.

Tambi nazo zina koo zake. Rameni ni ya ngano iliyokandwa kwa maji ya kansui, ambayo kwa hakika ni ndugu wa magadi yetu; hayo ndiyo huipa umanjano na ule ukinzani ukiuma. Udon pia ni ya ngano, lakini ina chumvi na maji tu, nayo ni nene, nyeupe na laini. Watu wa mkoa wa Kagawa wanajulikana kwayo nchi nzima, na hapa Nagoya kuna jamaa yake bapa anayeitwa kishimen. Soba ni ya ile buckwheat niliyoitaja, na mwenye mzio nayo asiisogelee hata kidogo, maana inaweza kumlaza hospitali. Mimi niliangukia udon. Mchuzi wake hutokana na mwani wa kombu na katsuobushi, samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi na kukaushwa mpaka akawa mgumu kama gogo, kisha akaparuzwa kwa randa. Nilipoelezwa hivyo nilisema, kumbe ni ng'onda! Mtu aliyekulia pwani hawezi kuogopa mchuzi wa ng'onda. Siku ambazo mchuzi una mirin, naomba udon tupu, natia sosi ya soya kidogo na vitunguu vya majani, na nashiba.

Kuhusu vijiti, usijitese: omba uma na utapewa, na hapa Nagoya kampuni ya rameni ya Sugakiya, iliyoanza mwaka 1946 kama duka la vitu vitamu, ina kijiko chake chenye meno ya uma mbele, ambacho wenyeji wote wamekishika tangu utotoni. Hapo mimi hununua aiskrimu tu, kwa sababu mchuzi wao una mifupa ya nguruwe, nami niliuliza kwanza. Ukijifunza vijiti, jambo la kuchunga ni kutovisimamisha ndani ya wali na kutompa mtu chakula kutoka kijiti kwa kijiti, kwani yote mawili ni mambo ya msibani kwao. Tambi huvutwa kwa sauti, na hakuna anayegeuka. Mama yangu alinipiga kibao kwa sauti hiyo nikiwa na miaka sita; huku ningekuwa mtoto mwenye adabu.

Sasa takoyaki, ambayo ndiyo iliyonirudisha kwa watu. Jumamosi ile ya Januari nilisimama mbele ya kaunta nikaona chuma chenye mashimo ya mviringo, mistari kwa mistari, na kijana akimimina uji wa unga, akidondosha kipande cha pweza katika kila shimo, kisha akivigeuza kwa ncha ya chuma. Nilisimama pale dakika nzima. Kile ni chuma cha vitumbua! Tofauti ni kwamba mpishi wa Kijapani huzungusha kila kimoja mpaka kinakuwa mpira kamili, halafu hupaka sosi, hutia mayonezi na unga wa mwani, na kunyunyiza vipande vyembamba vya ng'onda ile, ambavyo hucheza kwa mvuke kana kwamba vina roho. Chakula hiki kilizaliwa Osaka katika miaka ya 1930, na pweza wengi wanaoagizwa Japani hutoka Mauritania na Moroko, kwa hiyo yule pweza na mimi tumetoka bara moja. Niliuliza, unga haukuwa na nguruwe, nikanunua vinane, nikavipeleka mezani na kuvigawa. Niliwaeleza wenzangu habari za mama anayechoma vitumbua alfajiri barabarani kwetu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike, watu watano walinisikiliza mimi. Nakuonya tu kwamba ndani yake ni moto wa kuunguza kaakaa, kwa hiyo kitoboe kwanza.

Hapo ndipo ninapotaka vijana mnisikilize. Tunakuja huku tumebeba vyeti na tumebeba haya, na haya ndiyo nzito zaidi. Tunaona kuuliza ni kujidhalilisha, tunanyamaza, tunakosea, halafu tunajifungia vyumbani na kuwaandikia ndugu zetu kwamba watu wa huku ni baridi. Si kweli. Uliza. Umuulize wa kaunta, umuulize aliyekaa jirani yako, na ukiwa wewe ndiye mwenyeji, mwambie mgeni kabla hajatia mkono katika bakuli. Usisubiri akosee ili upate la kumsuta kwenye kituo cha treni. Najua nimelirudia jambo hili, na nitalirudia tena tukionana.

Jumamosi iliyopita niliwapeleka wanafunzi wawili waliofika karibuni, kijana wa Moshi na binti wa Pemba. Tuliweka leso mezani kushika nafasi, kama wafanyavyo wenyeji, tukatawanyika kwenye kaunta. Yule wa Moshi, ambaye ni Mkristo, alirudi na bakuli lenye mchuzi mweupe, akauliza kama kunikalia karibu kutaniudhi. Nilimsogezea kiti. Aliimaliza yote, akanywa na mchuzi, na nakiri kwamba harufu yake ilikuwa nzuri. Binti wa Pemba aliisoma karatasi yangu kwa sauti ya kutetemeka mbele ya kaunta ya takoyaki, akaelewa jibu, akarudi na vinane huku akicheka peke yake. Kabla hajala alimpigia mama yake kwa video, Pemba ikiwa bado asubuhi, akamwonyesha kile chuma kwa mbali na kile chombo mkononi, akamwambia hivi ni vitumbua vya pweza. Mama alisogeza uso karibu na simu mpaka tukaona paji la uso peke yake.

"Haya," akasema. "Na iliki wametia?"